Nijiunge na biashara ya mtandao au nianze yangu? Maswali mnayoniuliza mara kwa mara

Nasindika siagi ya karanga hapa Dodoma. Kabla ya kubaki na karanga peke yake nilikaa miezi 14 kwenye biashara ya mtandao, nikiuza virutubisho na dawa ya meno na kuingiza watu. Kwa kuwa nimepita kote kuwili, haipiti wiki bila mtu kunipigia: kuna binti kaitwa kwenye semina, kuna kijana kaambiwa akope laki tatu na nusu akajiunge, kuna mama ana katoni mbili chumbani na hajui pa kuzipeleka. Maswali yanafanana sana, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu. Kampuni niliyokuwamo sitaitaja. Niliyoyaona kule yanatokana na namna mpango wenyewe unavyolipa, na mpango huo unafanana kampuni hata kampuni.

Biashara ya mtandao ndiyo ile ya kuuza vitu kwenye intaneti?

Hapana, ingawa jina linachanganya, na wapo wanaofurahia lichanganye. Mtandao hapa ni wa watu. Unajiunga chini ya mtu, ambaye wao humwita aplaini, unanunua kifurushi cha kuanzia, unapewa namba ya uanachama. Kuanzia hapo una njia mbili za kupata hela. Ya kwanza ni kuuza bidhaa na kubaki na tofauti ya bei. Ya pili ni kuingiza watu chini yako, na wao waingize wa kwao, halafu kampuni inakulipa bonasi kutokana na manunuzi ya wote hao.

Mfumo huu ni wa siku nyingi. Amway ilianzishwa Michigan, Marekani, mwaka 1959. Oriflame ya Sweden ni ya 1967, Forever Living ilianzia Arizona mwaka 1978, na Tiens ya China ni ya 1995. Mtu anayekwambia "hii ni fursa mpya, wahi kabla haijajaa" anakuuzia kitu kilichomzidi umri mama yako.

Sasa hiyo ina tofauti gani na upatu haramu?

Kisheria tofauti ipo. Kwenye upatu haramu hakuna bidhaa, au ipo ya kuzugia tu, na hela ya anayeingia leo ndiyo anayolipwa aliyeingia juzi. Wengi wetu tunaikumbuka DECI, ule upatu uliovuma hapa Tanzania. Watu walikuwa "wanapanda mbegu" na kusubiri "kuvuna", na waliokuwa wakiiendesha ni wachungaji, ndiyo maana waumini waliamini. Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009, waliopanda mwisho hawakuvuna. Viongozi wake walifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. Jirani zetu Kenya waliumia vilevile miaka hiyohiyo; kikosi kazi cha serikali yao kilikuja kukuta hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 8 za kwao.

Biashara ya mtandao inajitetea kwamba ina bidhaa halisi. Utetezi huo ulipimwa Marekani mwaka 1979, pale Tume ya Biashara ya nchi ile ilipoamua kwamba Amway si piramidi. Angalia sababu walizotoa: Amway ilikuwa na kanuni kwamba mwanachama auze asilimia 70 ya mzigo wake kabla ya kuchukua mwingine, awe na wateja wasiopungua 10 kwa mwezi, na kampuni imrejeshee hela mtu anayetaka kurudisha mzigo. Yaani kilichoiokoa ni mteja wa nje, mtu anayenunua sabuni kwa sababu anataka sabuni.

Mimi napimia hapo mpaka leo. Muulize anayekuita: kati ya waliochukua bidhaa mwezi huu, wangapi si wanachama? Akianza kukueleza habari za ndoto zake, umeshapata jibu.

Na ule upatu wetu wa kina mama je? Nao ni haramu?

Ule ni kitu kingine, msiuchafue. Mko kumi, kila mmoja anatoa 10,000, mmoja anapokea 100,000, mzunguko ukiisha kila mtu amepata kile alichotoa. Hakuna aliyeahidiwa zaidi ya alichoweka, na hamhitaji mtu wa kumi na moja ili wa kumi alipwe.

Wewe ulipata kiasi gani? Sema ukweli.

Nilikuwa naandika kila kitu, na daftari ninalo.

Kifurushi cha kuanzia kilikuwa 350,000. Baada ya hapo, ili namba yangu ihesabike hai na bonasi isipotee, nilitakiwa kununua bidhaa za 90,000 kila mwezi. Miezi 13 hiyo ni 1,170,000. Nauli za semina, viingilio, bando na chai ya kuwakaribisha watu nyumbani vilikula 230,000. Jumla iliyotoka: 1,750,000.

Iliyoingia: mauzo ya bidhaa 585,000 na bonasi 310,000, jumla 895,000. Hasara ni 855,000, na hapo sijajihesabia Jumamosi hata moja.

Utaniuliza bidhaa nyingine zilikwenda wapi. Nyingine tulitumia nyumbani, nyingine niligawa ili watu "wajaribu", na zilizobaki zilikaa chini ya kitanda mpaka tarehe ikapita. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho kwenye semina hakisemwi. Kampuni ilipata hela yangu siku niliyochukua mzigo. Niuze nisiuze, kwao biashara ilikuwa imeisha. Nilijiita mfanyabiashara miezi 14, kumbe kwenye vitabu vyao nilikuwa mteja, tena mteja mzuri kuliko wote, anayenunua kila mwezi bila kukosa na bila kuuliza bei.

Labda hukujituma. Mbona wengine wanafanikiwa?

Hili ndilo swali lililonikosesha usingizi, kwa sababu tulifundishwa kujilaumu. Ukishindwa, ni wewe, hukuwa na maono. Kaa basi na kalamu tuhesabu pamoja.

Mpango wetu ulichorwa ubaoni hivi: wewe unaleta watu 6, kila mmoja analeta 6. Rahisi, nani hana marafiki sita? Ngazi ya pili ni watu 36. Ya tatu 216. Ya nne 1,296. Ya tano 7,776. Mwalimu wetu alikuwa anaishia hapo, anapigiwa makofi. Endelea mbele yake. Ya sita ni 46,656, ya saba 279,936, ya nane 1,679,616. Ya tisa ni 10,077,696, karibu mara mbili ya watu wote wa Dar es Salaam kwa sensa ya 2022. Ya kumi ni 60,466,176, na ukijumlisha waliotangulia unapata watu zaidi ya milioni 72. Sensa hiyohiyo ilihesabu Watanzania 61,741,120, pamoja na watoto wachanga na wazee wasiotoka ndani.

Kuna jambo jingine ndani ya hesabu hiyo, na ndilo linaloniuma zaidi. Popote utakapousimamisha mti huo ukiwa umejaa, watu kama 83 katika kila 100 wapo ngazi ya chini kabisa, hawana mtu chini yao. Wangejituma wote kama punda, bado 83 wangekuwa chini, kwa sababu juu kunashikiliwa na uwepo wao. Kwenye mtaa wa maduka, mwenye duka la tatu anaweza kufanikiwa bila kufungua duka la nne. Kule, kufanikiwa kwako ni lazima kuzae watu sita ambao bado hawajafanikiwa.

Mimi niliingiza watu tisa. Watano hawakuagiza mara ya pili.

Lakini nimewaona kwa macho, wana magari.

Wapo, sikatai. Aliyeingia mapema, mwenye jina mjini, mwenye kundi kubwa la kanisani au la kazini linalomwamini, anaweza kulipwa vizuri. Swali ni wewe utakuwa nani. Marekani, ambako kampuni nyingi huchapisha mapato ya wanachama wao, Tume ya Biashara ilipitia taarifa 70 za namna hiyo na kutoa ripoti Septemba 2024. Ilikuta wanachama wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, kabla ya kutoa gharama zao. Kwenye kampuni zisizopungua 17 kati ya hizo, wengi hawakupata hata senti. Mwaka 2018 taasisi ya AARP, ya wazee wa hukohuko Marekani, iliwahoji watu waliowahi kushiriki: asilimia 47 walipata hasara, 27 walirudisha hela yao tu, 25 walipata faida.

Kumbuka pia mwaka 2016 Herbalife, kampuni nyingine ya mtandao inayouza virutubisho, ilikubali kulipa dola milioni 200 ili kumaliza shauri lake na tume hiyo, na watu karibu 350,000 wakatumiwa hundi za fidia. Iliamriwa pia kwamba angalau theluthi mbili ya malipo kwa wanachama yatokane na mauzo ya rejareja yaliyothibitishwa. Ni mteja wa nje yuleyule tena.

Kwetu sijaona anayechapisha mapato ya wanachama ukutani. Tunaonyeshwa gari.

Wanasema hata ajira ni piramidi, bosi juu na wafanyakazi chini. Nijibu nini?

Waambie mfagizi analipwa mwisho wa mwezi bila kuleta wafagizi sita.

Bidhaa zenyewe ni nzuri, zimenisaidia. Mbona unazipinga?

Bidhaa ikiwa nzuri, nunua, tumia. Nilikuwa naipenda ile dawa ya meno. Jiulize tu kama ungeinunua kwa bei ile siku ambayo haina bonasi wala pointi, zile alama unazohesabiwa kwa kila unachonunua. Mimi niliacha kuinunua wiki ileile niliyotoka, na hilo lilinifundisha mengi kuhusu bei yake. Ndani ya bei ile kuna bonasi ya watu wengi waliopangana juu yako, kila mmoja ana kipande chake. Dukani mnunuzi halipii ngazi hizo.

Kuna upande wa pili, na huu nausema kwa uzito. Tulifundishwa "kutoa ushuhuda". Fulani alikuwa na sukari, akatumia, kapona. Fulani alikuwa na presha. Hakuna aliyetuambia tuseme uongo, ila hakuna aliyetuzuia. Nilimuuzia mama mmoja wa jirani kopo mbili kwa ushuhuda wa namna hiyo, naye akaacha vidonge vyake vya presha ili "asichanganye". Binti yake aligundua baada ya siku kumi. Nilikwenda nikamwomba radhi nikiwa nimepiga magoti kwenye mkeka wake, na vidonge akarudia. Mpaka leo nikipita pale nasalimia nikiwa na aibu.

Kirutubisho ni chakula cha nyongeza. Aliyeandikiwa dawa na daktari aendelee nazo, na mtu yeyote anayemwambia aziache kwa ajili ya kopo la kampuni anahatarisha maisha yake. Kama uko ndani na una ushuhuda wa namna hii kwenye stetasi yako, ufute leo.

Sawa. Ila biashara yangu mwenyewe si inaweza kufa pia?

Inaweza, tena nyingi zinakufa, sitakudanganya. Nimeona fremu zikifunguliwa kwa muziki na keki, baada ya miezi minne pazia limeshushwa. Mara nyingi sababu ni zilezile: kodi ya miezi sita imelipwa mapema, ikala mtaji wote kabla ya mzigo kuingia. Au hela ya duka na hela ya nyumbani zinakaa mkoba mmoja. Au mtaani kila mtu anakopa, na wewe unaona haya kudai. Kisha unakimbilia mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, na hapo ndipo biashara inazikwa kabisa.

Mimi mwenyewe mzunguko wangu wa tatu wa karanga ulinishinda. Nilinunua gunia kwa bei ya chini kwa mtu nisiyemjua, nikafurahia punguzo, sikulifungua mpaka nyumbani. Nilipomwaga kwenye turubai nikakuta za katikati zimenyauka, nyingine zina ukungu wa kijani mweusi unaonata vidoleni. Mwaka 2016 hapa Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga nazo hushika sumu hiyohiyo. Nililichoma gunia zima. Nililia, maana lilikuwa nusu ya mtaji.

Ila hasara ile ilinifundisha kitu ambacho hakuna anayeweza kuninyang'anya. Sasa nachagua karanga moja moja kwenye ungo mbele ya mwuzaji, iliyosinyaa natupa, yenye doa natupa, na wauzaji wangu wananijua hivyo. Ukipata hasara kwenye biashara yako, unabaki na ujuzi wa kazi. Kule nilipopata hasara nilibaki na katoni.

Na kuna suala la nani mwenye mali. Wateja wangu wa siagi ni wangu, jina kwenye kopo ni langu, bei napanga mimi. Kwenye mtandao, kampuni ikibadilisha mpango wa malipo kesho asubuhi, au ikifunga ofisi nchini, kundi lako lote ulilolijenga kwa miaka linayeyuka, na huna wa kumdai kwa sababu halikuwa lako.

Nina laki tatu na nusu tu. Kwa hela hiyo naweza kuanza nini?

Hesabu yangu ya mwanzo ninayo, ichukue kama mfano. Bei hubadilika na msimu, kwa hiyo nenda sokoni ukaulize za leo kabla ya kununua chochote.

Kilo 10 za karanga kwa 4,000 ni 40,000. Mkaa wa kukaangia 3,000. Kusaga kwa mwenye mashine 5,000. Baada ya kukaanga, kumenya na kutupa mbovu, nabaki na kama kilo 8 na nusu, zinazojaza makopo 21 ya gramu 400. Makopo kwa 500 ni 10,500, lebo kwa 150 ni 3,150, chumvi na mafuta kidogo 1,350. Jumla 63,000, yaani kila kopo limenigharimu 3,000. Nikimpa mwenye duka kwa 4,000 napata faida 21,000. Nikiuza mwenyewe mkononi kwa 5,000 napata 42,000.

Unaona kwamba hizo ni 63,000. Laki tatu na nusu inakupa mizunguko mitano na chenji. Usiimwage yote siku moja. Tengeneza makopo 21, uza, sikiliza watu wanasema nini kuhusu chumvi, kisha tengeneza tena. Na ujilipe: mimi kwa mara ya kwanza sikuhesabu siku yangu ya kumenya, nikadhani faida ni kubwa kuliko ilivyo.

Si lazima iwe karanga. Mwenye jiko na mkono mzuri ataanza na maandazi asubuhi, mwingine sabuni ya maji, mwingine mbogamboga za kufuata shambani. Ukiwa na mtu anayekuamini unaweza kuchukua mzigo kwa mali kauli, uuze, urudishe hela jioni. Kanuni ninayoshika ni moja: anza na kitu ambacho watu wa mtaa wako wananunua tayari kwa mtu mwingine. Kama wananunua, wateja wapo. Kazi yako ni kuwapa kilicho bora au kilicho karibu.

Vibali si vinatisha?

Vinatisha kwa mbali. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, namba ya mlipakodi inatolewa na mamlaka ya mapato, TRA, bila malipo, leseni unaipata halmashauri. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Ukitengeneza chakula cha kufungasha utahitaji alama ya TBS, shirika la viwango, na hapo usiende peke yako: pitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wamekuwa wakilea wajasiriamali wadogo tangu 1973, watakupa mafunzo na kukuelekeza. Nilikaa nao siku chache nikajifunza kufungasha kuliko miezi yote niliyopoteza kwenye kumbi za hoteli.

Kwa mtaji, uliza halmashauri yako kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Inatolewa kwa vikundi, kwa hiyo chagua wenzako vizuri, maana deni la mmoja huwa la wote.

Uwakala wa pesa za simu si mtandao pia? Nao unalipwa kamisheni.

Kamisheni ya wakala inatoka kwa mtu aliyekuja kutoa au kuweka hela yake. Hakuombi ujiunge, hakujui jina, anataka huduma anaondoka. Wakala wa pili akifungua kibanda mbele yako, unapungukiwa, hupati bonasi. Ni biashara ya kawaida kabisa, ina ushindani wake na matapeli wake wa kukuibia floti, yaani hela ya kuendeshea uwakala, ila ni biashara.

Naweza kufanya vyote viwili kwa pamoja?

Nilijaribu kwa miezi miwili. Unayemwuzia siagi leo anaogopa kesho utamkaribisha semina. Wateja walirudi nilipotangaza kwamba nimeacha.

Kule hakuna hata kitu kimoja cha kujifunza?

Kipo, na sitakuwa mwizi wa fadhila. Nilijifunza kusimama mbele ya watu, kuambiwa "sitaki" mara ishirini na kurudi kesho yake. Nilipoanza kuzungusha makopo madukani, miguu haikutetemeka.

Ila kulikuwa na somo moja ninalojutia. Siku ya kwanza ulipewa karatasi uandike majina 100 ya watu unaowajua: ndugu, uliosoma nao, wa jumuiya, fundi wako wa nguo. Nilijaza majina 100 usiku ule nikiwa na furaha. Niliyapitia yote. Mtu niliyekuwa nampigia kumjulia hali akawa mtu ninayempigia kwa sababu. Baada ya mwaka simu zangu zilikuwa hazipokelewi, na hata shangazi yangu mlezi alikuwa akiona namba yangu anampa mtoto aseme "mama kalala". Sasa nina daftari jingine, la madeni na mauzo. Limejaa majina vilevile, wengi siwajui kwa undani, lakini kila jina humo limechukua kopo kwa sababu lilitaka kopo.

Niko ndani tayari na mzigo umejaa. Nitokeje?

Kwanza, usinunue wa mwezi huu. Watakuambia pointi zitapotea. Ziache zipotee, hela ni yako. Pili, tafuta karatasi uliyosaini na usome sehemu ya kurudisha mzigo. Kampuni nyingi zina muda ambao zinapokea bidhaa isiyofunguliwa na kurejesha sehemu ya hela. Andika barua, ipeleke mwenyewe, chukua nakala yenye muhuri. Usiende na aplaini wako, atakushauri ubaki, na ana sababu zake. Tatu, kilichobaki na hakijaisha muda kiuze kwa bei yoyote inayorudisha kitu, ukimweleza mnunuzi tarehe. Kilichopita tarehe kitupe, usimpe mtu.

Ukiona hakuna bidhaa kabisa, mnaweka hela tu na kusubiri asilimia, huko si kwa kutoka taratibu. Nenda polisi na ushahidi wa miamala yako.

Walioingia chini yangu nitawaambia nini? Na aliyeniita ni ndugu.

Kwa ndugu aliyekuita, usigombane naye. Naye alipewa karatasi ya majina 100, na wewe ulikuwa kwenye orodha yake. Mwambie, "Shangazi, nakuheshimu, ila hii sitaifanya. Ukiwa na sabuni ya kuuza niletee nione bei." Umekataa fursa, hujamkataa yeye.

Kwa walioingia chini yangu, niliamua kwenda kwa mmoja mmoja, wote tisa. Niliwaonyesha daftari langu lenye ile 855,000. Wawili walikasirika, wakasema nawavunja moyo, na mmoja wao bado yumo. Wanne walikuwa wameshaacha kimya kimya na walikuwa wanaona aibu kuniambia. Shangazi yangu, naye mmoja wa wale tisa, alikuwa wa mwisho kutembelewa. Kifurushi chake nilimlipa kidogo kidogo kutoka kwenye mauzo ya siagi, 20,000 kwa mwezi, na nilipomaliza aliniuliza kama ninaweza kumwachia makopo sita, kwenye jumuiya yao kuna watu wameyaulizia.